Si kila ufa ni "crack": namna Kiingereza kinavyoitenga mikato na mianya

Tafuta neno "crack" kwenye kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, utakutana na ufa. Tafuta "fissure": ufa. "Crevice": ufa, pengine mwanya. "Cleft": ufa au mpasuko. "Rift" nalo ni ufa, hata kwenye ramani, kwenye Bonde la Ufa. Mwanafunzi wa Chamwino au Bahi, mkoani Dodoma, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta jiografia na baiolojia vinafundishwa kwa Kiingereza, ana haki ya kudhani kwamba yote hayo ni kitu kimoja na kwamba anaweza kutumia lolote litakalomjia kwanza. Akiandika kwamba daktari alifanya "crack" tumboni mwa mgonjwa, mwalimu atakata kwa wino mwekundu. Kwa darasa la wanafunzi wengi, nafasi ya kumweleza sababu haipatikani mara zote.

Tatizo si kwamba Kiswahili hakina maneno. Tunao ufa, mwanya, upenyo, mpasuo, pengo, mfuo, tundu, chale, korongo, na hakuna mtu aliyetufundisha kwamba pengo linakaa kwenye safu ya meno na chale inakaa kwenye ngozi. Tatizo ni kwamba lugha hizi mbili haziulizi maswali yaleyale. Kiingereza, kikiona uwazi mwembamba, hutaka kujua kwanza ni nini kilichoufungua: ni makali, ni nguvu butu, ni ukavu, au ni mwamba wenyewe uliovutwa huku na huku. Kisha hutaka kujua kama kuna mtu aliyeukusudia, na kama yupo, aliutaka kwa kazi gani. Mwenye kushika maswali hayo hahitaji kukariri orodha ndefu.

Wingi wa maneno yenyewe una historia yake. Kiingereza cha kale kilikuwa lugha ya jamii moja na Kijerumani, na humo ndimo yalimotoka maneno mafupi ya kazi za mikono, kama "slit" na "crack". Watu wa Skandinavia waliovamia na kuhamia Uingereza wakaacha "gap" na "rift". Baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya mabwana, nacho kikaleta "crevice", "gash" na "slot". Wasomi na matabibu wakachota Kilatini, moja kwa moja au kupitia Kifaransa, wakapata "fissure" na "incision". Ndiyo maana neno la fundi na neno la daktari hayafanani hata kidogo, ingawa wote wawili wameshika kitu chenye makali.

Nianze na sikio la ng'ombe, kwa sababu linaonyesha tofauti moja kwa uwazi kabisa. Mfugaji anayetia alama kwa kisu ana njia mbili. Anaweza kulipasua sikio kutoka ncha kuelekea ndani bila kuondoa chochote. Sikio linabaki na nyama yake yote ila limegawanyika, na ukilibana kwa vidole kingo zinagusana. Huo ni "slit". Au anaweza kuondoa kipande kidogo ukingoni, likabaki na umbo la herufi V au la nusu duara, na hata ukilibana vipi pale pana kitu kimepungua. Hiyo ni "notch". Mifugo ikichanganyika kisimani, alama hizi mbili hazichanganywi na mtu anayejua kazi yake, na Kiingereza nacho hakizichanganyi. "Notch" daima huwa ukingoni na daima huwa na kilichoondolewa. Ndiyo maana pia meno ya ufunguo hutengenezwa kwa "notches", na ndiyo maana watu wa zamani waliohesabu siku au madeni kwa kuchonga fimbo walikuwa wakikata "notches" pembeni mwa fimbo hiyo.

Fundi cherehani anaijua "slit" kwa jina la mpasuo. Sketi nyembamba inayofika chini ya goti haimruhusu mvaaji kupiga hatua, kwa hiyo fundi anauacha mshono wazi nyuma au pembeni, kisha anazikunja kingo zisichanike. Mpasuo huo ni "slit" kwa sababu ni mrefu, ni mwembamba, umenyooka, na mvaaji akisimama unajifunga wenyewe. Tundu la kifungo nalo, kwa umbo lake, ni "slit" iliyoshonewa kingo. Lakini sketi hiyohiyo ikinaswa na msumari kwenye kiti cha daladala ikachanika, haina "slit" tena. Sasa ina "tear" au "rip". Kitambaa ni kile kile, urefu wa uwazi huenda ni ule ule, ila hakuna aliyekusudia. Hospitalini, chombo anachotumia mtaalamu wa macho kumulika jicho kwa mwanga mwembamba kama mstari huitwa "slit lamp", kwa sababu mwanga wake hupitishwa kwenye uwazi wa namna hiyo.

"Slot" ni jambo jingine, na hapa watu wengi huteleza kwa sababu maneno haya mawili yanafanana kwa sauti. "Slot" ni uwazi uliotengenezwa ili kitu fulani kiingie na kikae, au kiingie na kipite. Sehemu ya kuwekea laini kwenye simu ni "slot", na vijana wengi husema slot ya laini bila kufikiria kwamba wanasema Kiingereza. Mdomo wa mashine ya benki unaomeza kadi ni "slot". Uwazi ulio juu ya sanduku la kura ni "slot": ni mwembamba kiasi cha kupitisha karatasi iliyokunjwa, na haupitishi mkono. Umebuniwa hivyo makusudi, kwa kuwa chombo hicho kinatakiwa kupokea bila kutoa. Kutokana na maana hiyo ya nafasi iliyopimwa kwa kitu chake, Kiingereza kikapata "time slot", ule muda uliotengwa kwa mzungumzaji kwenye ratiba ya mkutano. Ratiba haiwezi kuwa na "time slit".

Na "groove"? Huo ni mfuo: mrefu, una kina kidogo, hautokezi upande wa pili. Ukitaka kuuona, nenda kwenye nyumba yoyote mpya ya Iyumbu au Kisasa, usogeze dirisha la aluminiamu, uangalie chini. Kioo kinateleza ndani ya mfuo, na mfuo ukijaa mchanga, ambao Dodoma hauishi, dirisha linagoma. Kwenye tairi, "grooves" ni ile mifuo inayopitisha maji pembeni ili mpira uendelee kushika lami wakati wa mvua. Ikiisha, tunasema tairi limekuwa kipara, na kwa kweli kilichoisha ni "grooves". Seremala anayepachika ubao mmoja ndani ya mwingine huchonga "groove" kwenye ubao wa kwanza na ulimi kwenye wa pili.

Shambani kuna neno linaloleta mkanganyiko wa peke yake. Wakulima wa zabibu wa Mpunguzi na Hombolo, na watafiti wa Makutupora wanaolishughulikia zao hilo, huanza shamba jipya kwa pingili. Kwa Kiingereza pingili ni "cutting". Mtu aliyezoea kwamba "cut" ni mkato hudhani "cutting" ni tendo la kukata tu, kisha akisoma mwongozo unaomwambia apande "cuttings" anashindwa kuelewa anapanda nini. Ni kile kipande kilichokatwa. Mkato unaobaki kwenye mzabibu baada ya kupogolea, ule unaotoa maji, ni "cut" au "pruning wound". Kwenye miembe ya kubebesha utakutana na "cleft". Mche wa kubebea hukatwa kichwa, kisha kisu kinawekwa katikati ya shina na kulipasua kwenda chini kiasi cha vidole viwili au vitatu. Kikonyo, yaani kijitawi cha mwembe unaotakiwa, kilichochongwa kama kabari kinaingizwa humo, na pale penye uhai pa shina na pa kikonyo pakigusana, kinafungwa kwa nailoni. Ule mpasuko ni "cleft", na njia yenyewe inaitwa hivyo. "Cleft" inakuambia kwamba kitu kimegawanyika kuanzia juu, lakini chini bado ni kimoja. Ukishalijua hilo, utaelewa kwa nini mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura anasemwa kuwa na "cleft lip", na kwa nini kwato za mbuzi ni "cloven", neno la ukoo huohuo.

Nimeyaacha maneno ya majeraha yaje sasa kwa sababu hapo kosa la msamiati lina gharama kubwa kuliko penginepo. Mtu akishambuliwa, polisi humpa fomu ya PF3 aende nayo hospitali, na tabibu huandika humo alichokiona. Karatasi hiyo inaweza kufika mahakamani kama ushahidi. Marekebisho ya sheria ya 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini tabibu amesomeshwa kwa Kiingereza na maelezo ya jeraha mara nyingi huyaandika kwa Kiingereza. Kwa hiyo kuna mtu, awe karani, wakili au hakimu, anayepaswa kulisoma neno lile na kuelewa lilimaanisha nini.

Neno linalopotosha kuliko yote ni "laceration". Katika mazungumzo ya kawaida Waingereza wenyewe hulitumia kwa jeraha lolote baya la ngozi, na matabibu wengi duniani huliandika hivyo. Lakini katika elimu ya uchunguzi wa majeraha kwa ajili ya sheria, "laceration" ni ngozi iliyochanika kwa kupigwa na kitu butu: rungu, jiwe, tofali, sakafu mtu alipoangukia, mbele ya gari. Jeraha la makali, yaani la kisu, wembe au kioo, linaitwa "incised wound". Haya mawili si majina mawili ya kitu kimoja. Moja linasema alipigwa, jingine linasema alikatwa.

Ukiyatazama kwa karibu, jeraha lenyewe linakusimulia. Lililokatwa lina kingo safi, zilizonyooka, na ndani yake kila kitu kimekatika: nyama, mishipa midogo, hata nywele zilizokuwa ukingoni zimekatwa sawasawa. Lililochanika lina kingo zilizochakaa, mara nyingi zenye mchubuko pembeni, na ukilifungua taratibu utaona nyuzinyuzi za nyama na mishipa zinazovuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kama madaraja. Nyuzi hizo zipo kwa sababu kitu butu hukandamiza na kupasua, hakikati. Zilizo ngumu zinabaki. Nywele zake zimepondwa au zimesukumwa ndani. Mahali pa hatari zaidi kwa mchunguzi ni kichwani, kwa sababu ngozi ya hapo imetandazwa juu ya mfupa, na ikipigwa rungu inaweza kupasuka kwa mstari ulionyooka hata ukaapa ni kisu. Tabibu makini huchukua taa na lenzi akatafuta zile nyuzi kabla hajaandika.

Fikiria sasa kesi ambayo mshtakiwa anadaiwa kutumia panga, na fomu inasema "laceration on the scalp". Wakili wa utetezi anayejua maana halisi ya neno hilo atasimama na kuuliza iwapo daktari alimaanisha kwamba jeraha lilitokana na kitu butu. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inampa mshtakiwa haki ya kutaka daktari aitwe aulizwe maswali juu ya taarifa yake, na swali la namna hiyo ni halali kabisa. Huenda daktari alilitumia neno kwa mazoea tu. Huenda pia aliandika kwa usahihi na ni mashahidi waliokosea juu ya panga. Vyovyote itakavyokuwa, neno moja limebeba uhuru wa mtu mmoja na haki ya mwingine. Naona ajabu kwamba tunawafundisha wanafunzi wa udaktari na sheria maneno haya kwenye madarasa tofauti, na hatuwaketishi pamoja hata kwa siku moja.

Panga lenyewe lina kundi lake. Ni zito na lina makali, kwa hiyo linakata na kuponda kwa pamoja, na mfupa ulio chini mara nyingi unaingia alama. Jeraha hilo ni "chop wound", la kutemwa. Kitu chenye ncha kikiingia, na kina cha jeraha kikazidi urefu wake juu ya ngozi, ni "stab wound", la kuchomwa. "Incision" ni ule mkato anaoufanya daktari mpasuaji kwa kukusudia, kwa kipimo, mahali alipochagua. Mama aliyejifungua kwa upasuaji ana "incision", hana "incised wound". Chale za mganga wa kienyeji, zile zinazopigwa kwa wembe na kupakwa dawa, nazo ni "incisions" kwa kuwa aliyezipiga alizikusudia. "Slash" linaeleza mkono uliopita kwa kasi kuliko linavyoeleza jeraha: makali yalifagia. "Gash" ni jeraha refu, la kina, la kutisha. Ni neno la gazeti na la msimulizi, na sioni sababu ya kuliweka kwenye fomu ya hospitali. Kinyozi akiutelezesha wembe kidogo nyuma ya sikio, amekuachia "nick".

Tutoke mwilini twende ukutani. "Crack" hapo zamani lilikuwa jina la mlio, ule wa kitu kikavu kinapovunjika, na hadi leo Kiingereza hulitumia kwa mlio wa kijiti au wa radi. Kutoka mlio likahamia kwenye alama inayobaki. Kwa hiyo "crack" ni ufa uliojitokeza kwa nguvu au mvutano, na kitu chenyewe bado hakijaachana: kikombe chenye "crack" bado unaweza kukishika. Dodoma ina ujenzi mwingi tangu serikali ihamie huku kuanzia 2016, na mwenye nyumba akiagiza ripoti ya mhandisi ataliona neno hili mara nyingi. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta ni "hairline crack", na kwa kawaida hautishi. Plasta imekauka ikasinyaa. Ufa unaopanda kwa ngazi, ukifuata maungio ya tofali, au unaotoka kwenye kona ya dirisha kwa mshazari, unamwambia mhandisi atazame chini, kwa kuwa huenda upande mmoja wa msingi unatitia.

Na chini mara nyingi kuna maelezo. Maeneo ya mbuga yana udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Kiangazi unapasuka hata mguu wa mbuzi unaweza kuzama; masika unajifunga na kusukuma kila kilicho juu yake. Nyumba iliyojengwa hapo bila msingi unaofaa hupandishwa na kushushwa kila mwaka mpaka kuta zinachoka. Mipasuko hiyo ya ardhi nayo ni "cracks", kwa maana ukavu ndio ulioifungua. Lakini ukiona uwazi ulionyooka kutoka juu hadi chini kwenye jengo refu, umejazwa mpira au umefunikwa kwa ukanda wa chuma, usiuite "crack" na usimlaumu mkandarasi. Huo ni "expansion joint", mwanya ulioachwa makusudi ili jengo lipate pa kutanukia joto likipanda. Hapa swali la makusudi linafanya kazi yake yote: mianya miwili inaweza kufanana kwa macho, mmoja ukawa ugonjwa na mwingine kinga.

Kwenye vilima vya mawe vinavyouzunguka mji, kama Mlima Simba, kuna "crevices". Ni nyufa nyembamba za mwamba zenye kina cha kutosha kitu kujificha au kunasa ndani, na mkaaji wake maarufu ni pimbi. Asubuhi anatoka kuota jua juu ya jiwe; akiona kivuli cha mwewe, anaingia "crevice" asipoweza kufuatwa. Neno hili halihitaji kujua nani aliufungua ufa. Linajali kwamba ni mwembamba, una kina, na umo kwenye mwamba au ukuta. Lina ndugu anayelipotosha: "crevasse". Yote mawili yametoka neno moja la Kifaransa lililoingia Kiingereza mara mbili, la kwanza zama za kati na la pili karne ya 19, na hilo la pili likapewa kazi ya nyufa kubwa za barafu. Kwa hiyo "crevasse" ni ya mlima wenye theluji, na Mlima Simba hauna.

Ukienda kaskazini hadi Kolo, wilayani Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, utahitaji maneno ya wanajiolojia. Miamba ile ilikatwakatwa na "faults" za Bonde la Ufa, ikaacha nyuso zilizosimama wima ambazo wachoraji walizitumia. "Fault" ni ufa wa mwamba ambao pande zake mbili zimesogea, moja ikipanda au kushuka au kuteleza dhidi ya nyenzake. Mwamba uliopasuka bila pande zake kusogezana una "joint", na hapo mjuzi wa majengo na mjuzi wa miamba wanatumia neno lile lile kwa mambo mawili, jambo linalomtesa mfasiri asiye na subira. "Fissure" ni ufa mrefu ulioachama, na ni neno la kitaalamu linalotembea kote: kwenye ardhi, kwenye ubongo, na kwenye ule mpasuko unaouma wa njia ya haja kubwa.

"Rift" ni kuachana. Mjiolojia Mwingereza John Walter Gregory, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1893, ndiye aliyelieneza jina la Bonde la Ufa kwa Kiingereza, akieleza kwamba ardhi iliyo kati ya "faults" mbili imeshuka huku kingo zikibaki juu. Ukitaka kulielewa neno hilo kwa miguu yako, toka Bahi uelekee Manyoni. Unapita nchi tambarare iliyo chini, yenye maji ya kutuama wakati wa mvua, unafika Kintinku, kisha mbele yako ardhi inasimama kama ukuta na barabara inaanza kupanda. Huo ukuta ni ukingo wa ile sehemu isiyoshuka. Hakuna "crack" ya ukubwa huo. Kutokana na wazo la kuachana, ndugu wawili waliogombana juu ya shamba la urithi wanasemwa kuwa na "rift" kati yao, na hiyo ni nzito kuliko ugomvi wa siku moja, kwa sababu kila mmoja amesogea upande wake.

Kondoa inatupa pia maneno ya mikato inayochongwa na maji. Mmomonyoko wa pale ulikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika. Ripoti za kazi hiyo zimejaa "rills" na "gullies". "Rill" ni kijifereji kidogo cha mvua ambacho jembe la kawaida linaweza kukifuta msimu ukifika. Kikishakuwa kikubwa hata jembe haliwezi, ni "gully", yaani korongo. Likiwa bonde jembamba lenye kuta ndefu za mwamba, kama lile la Olduvai, ni "gorge". Mpaka kati ya "rill" na "gully" umewekwa na uwezo wa mkulima, na huo ndio ufafanuzi ninaoupenda kuliko yote katika msamiati huu.

Yaliyobaki ni mepesi. "Gap" haijali umbo wala chanzo. Inasema tu kwamba kati ya vitu viwili pana nafasi. Pengo la meno ni "gap", nafasi kati ya treni na jukwaa ni "gap", na abiria wa treni za London wamekuwa wakionywa kwa sauti waiangalie tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Tofauti ya mapato kati ya wanaume na wanawake ni "gap" pia. "Cranny" siku hizi huishi karibu peke yake kwenye "every nook and cranny", kila pembe na kila upenyo. "Chink" ni upenyo mdogo unaopitisha mwanga au sauti; katika tamthilia ya Shakespeare, A Midsummer Night's Dream, wapenzi wawili wananong'onezana kupitia "chink" ya ukuta. Hata hivyo neno hilo limekuwa pia tusi la kibaguzi kwa watu wa asili ya Kichina, na Dodoma ina wahandisi wengi kutoka China. Nashauri usilitumie, sema "gap" au "small opening", hutapoteza kitu.

Ukitaka kuyaweka maneno haya kichwani, yajifunze pamoja na vitenzi vyake, kwa sababu mtihani na ripoti vyote hudai kitenzi. "Slit" halibadiliki wakati uliopita: "he slit the sack", alilipasua gunia jana, bila kuongeza chochote. Ndivyo lilivyo "cut", ndivyo lilivyo "split". "Cleave" lina "cleft", "clove" na "cleaved" kwa pamoja, na kwenye maandishi ya leo ni salama kuandika "split" badala yake, ukaiacha "cleft" ibaki kuwa nomino. "Crack" na "gash" hufuata kawaida, "cracked", "gashed". Kwa "incise" wenye lugha wenyewe hulikwepa: mpasuaji husema "made an incision", na kwenye PF3 mtindo unaoeleweka ni kulitaja jeraha, urefu wake kwa sentimita, mahali lilipo, hali ya kingo, na kama kuna nyuzi zinazovuka ndani.